Mbona Esta wa kwenye picha hii anazimia? Biblia yangu haisemi hivyo

Binti Machame
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa na saa mbili kabla ya kuingia zamu, nikapita National Gallery pale Trafalgar Square, London, maana kuingia ni bure. Nimepita mapicha mengine makubwa kuliko mlango wa kanisa, kisha nikakuta kapicha kadogo, sentimita 47 kwa 33. Kalenda ya ukutani kwetu Machame ni kubwa kuliko hako. Jina lake "Esta mbele ya Ahasuero", yaani yule mfalme wa Uajemi, mumewe; mchoraji Sebastiano Ricci wa Venice, aliyefariki 1734.

Mimi Esta namjua tangu utotoni. Nikiwa na miaka kumi nilimwigiza shule ya Jumapili, nimejitanda kitenge cha mama na taji la boksi la sabuni. Mwalimu alinikazania neno moja tu: simama wima. Huyu ndiye malkia aliyeingia kwa mfalme bila kuitwa, kosa la kifo, ili kuwasemea watu wake, akasema "nami nikiangamia, na niangamie", kwa hiyo usiiname, usitetemeke. Nimekua na Esta huyo. Siku nilipokuja kuanza maisha ugenini peke yangu, ndiye niliyekuwa nikimkumbuka.

Sasa Esta wa Ricci kalegea kabisa. Wajakazi wamemdaka, shingo imeanguka upande. Kwenye basi nimesoma sura ya 5 mara tatu: anasimama uani, mfalme anamwona, anamnyoshea fimbo ya dhahabu, naye anakaribia na kugusa ncha yake. Basi. Kuzimia hakupo. Mchoraji kaongeza chumvi? Maana kusema kweli imeniuma. Naomba mnieleweshe.

Katekista Mstaafu
Karibu binti. Hajaongeza chumvi. Swali la kwanza ni Biblia gani unayosoma. Bila shaka ni ile ya Muungano ya 1952, na hiyo imefuata Esta wa Kiebrania. Tafuta Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni, vile ambavyo Wakatoliki wanavikubali na Waprotestanti hawavihesabu, humo yumo Esta wa Kigiriki.

Kigiriki kina vipande sita ambavyo Kiebrania hakina, na kimoja ni hiki hasa. Esta anavua nguo za maombolezo, anavaa za kimalkia, anachukua wajakazi wawili. Esta anamwegemea mmoja, wa pili anafuata nyuma amebeba mkia wa vazi. Uso wake unang'aa ila moyo umebanwa na hofu. Anapita milango yote hadi mbele ya kiti cha enzi. Mfalme anainua macho yamewaka hasira, Esta anabadilika rangi na kuanguka juu ya yule mjakazi. Hapo Mungu anaugeuza moyo wa mfalme kuwa mpole, mfalme anaruka kutoka kitini, anamkumbatia mpaka fahamu zimrudie, anamwambia mimi ni ndugu yako, usiogope, hutakufa.

Na bado. Anaanza kuongea, anazimia tena. Mara mbili!

Binti Machame
Mara mbili?? Asante Katekista. Miaka yote hii sikujua.

Neno Tupu wa Mbeya
Ndiyo yale yale tunayosema kila siku. Vipande hivyo viliongezwa na Wakatoliki kwenye mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ili kujibu Matengenezo ya Waprotestanti. Binti, baki na Esta wako wa shule ya Jumapili. Aliyesimama ndiye wa kweli.

Msoma Kale
Neno Tupu, nakuheshimu, lakini tarehe zinakukataa. Trento ilitoa orodha yake ya vitabu Aprili 1546. Esta wa Kigiriki alikuwapo kabla ya Kristo. Mwishoni mwa kitabu chenyewe kuna maandishi yanayosema kililetwa Misri mwaka wa nne wa Ptolemayo na Kleopatra, na kwamba aliyekitafsiri ni Lisimako wa Yerusalemu. Yosefo, Myahudi wa karne ya kwanza, naye anasimulia kuzimia huku katika historia yake ya Wayahudi. Yosefo hakuwa Mkatoliki.

Yeronimo alipotengeneza Biblia ya Kilatini aliona vipande hivi havimo kwenye Kiebrania, akavitoa vilipokuwa akavipanga vyote mwishoni. Ndiyo maana Biblia za Kilatini zina Esta wa sura 16 na tukio hili liko sura ya 15, mbali na mahali pake. Luther naye hakuvitupa. Katika Biblia yake ya 1534 aliviweka kando pamoja na Apokrifa.

Neno Tupu wa Mbeya
Kuhusu tarehe nimekubali, nilikosea. Hoja yangu haijafa lakini. Kuwa cha zamani hakukifanyi kuwa Neno.

Msoma Kale
Hiyo ni mada nyingine na ina uzi wake humu wa kurasa mia. Hapa tunajibu Ricci alisoma nini. Alikuwa Mkatoliki wa Venice, Esta aliyemsikia kanisani ni huyu anayeanguka.

Tena angalia jambo moja. Esta wa Kiebrania hana jina la Mungu hata mara moja, kitabu kizima. Katika magombo ya Bahari ya Chumvi, zile hati za kale za Kiyahudi, kila kitabu cha Agano la Kale la Kiebrania kimepatikana walau kipande isipokuwa Esta. Aliyeandika Kigiriki inaonekana pengo hilo lilimsumbua, akamrudisha Mungu pale pale Esta alipoishiwa nguvu. Akiwa amesimama mwenyewe, sifa ni zake. Akianguka, anayefanya kazi ni mwingine. Mimi naona kuzimia ni hoja ya dini, si ya jinsia.

Muuguzi wa Usiku
Mnaenda mbali, na jibu liko sura ya 4 mstari wa 16 kwenye Biblia zote. Siku tatu hakula WALA HAKUNYWA, usiku na mchana. Halafu avae nguo nzito za kifalme, atembee milango kadhaa, asimame kwenye hadhara. Wodini nawaona kila wiki watu waliofunga kavu siku moja tu: akisimama ghafla damu inakimbilia miguuni, presha inashuka, jasho jembamba, midomo inapauka, chini. Mgonjwa wangu mmoja, mama wa maombi, alidondoka akiwa ameshika kikombe cha chai ya kufungulia, hata funda moja hajapiga.

Kwa hiyo Binti, huyo hakuogopa. Aliishiwa maji.

Msoma Kale
Muuguzi umenena, ila hesabu ya Kiebrania inahesabu na kipande cha siku. Sura ya 5 inasema aliingia "siku ya tatu", yaani siku ya tatu yenyewe, haikuwa lazima saa 72 zitimie. Bado ni njaa na kiu kali.

Muuguzi wa Usiku
Hata saa 40 zinatosha. Njoo uone.

Bi Pangani
Samahani niingie na jambo dogo. Ninyi wa bara mnasema kuzimia, taa inazimika na mtu anazimia. Kwetu pwani mtu huzirai. Naona kuzirai kunamfaa Esta zaidi, maana taa ikizimika haimsikii mtu, na huyu alikuwa anasikia mfalme akimbembeleza.

Katekista Mstaafu
Bi Pangani, hilo umelileta vizuri. Hata kwenye simulizi mfalme anasema naye akiwa amemkumbatia.

Mchora Mabango Mwanza
Wakuu, mimi naishi kwa brashi, naomba tuitazame kama picha. Hii ni rokoko, mtindo wa mwanzo wa karne ya 18, rangi nyepesi, vitambaa vinavyopepea, hakuna mtu anayesimama kama mlingoti. Ukimpa mchoraji wa wakati ule mistari miwili, "akasimama" na "akaanguka", atachukua wa pili na hatafikiri mara mbili. Mtu aliyesimama anakupa mstari mmoja wa wima. Anayeanguka anakupa mikono ya wanaomdaka, kitambaa kinachomwagika, mfalme anayelazimika kujibu. Na hakuwa wa kwanza. Tintoretto wa Venice hiyo hiyo alimchora Esta akizimia karibu miaka mia mbili kabla yake.

Kuhusu udogo: hawa walichora kwanza picha ndogo ya kumwonyesha mteja, wakikubaliana ndipo inakuja kubwa. Huenda hii ni ya namna hiyo.

Mpita Njia
Nadhani hiyo ni ya Tiepolo, niliona kwenye kalenda.

Mchora Mabango Mwanza
Hapana mkuu, ni Ricci. Tiepolo alikuwa kijana kwake, kizazi kilichofuata, na alijifunza mengi kutoka kwake. Kuwachanganya ni rahisi kwa sababu wote wawili wanamnyonya Veronese. Veronese ndiye aliyejaza hadithi ya Esta kwenye dari ya kanisa la San Sebastiano, Venice, miaka ya 1555 na 1556. Ricci alikulia chini ya dari kama hizo.

Na nirudi kwenye udogo, nilisema harakaharaka. Mwaka 1731 Ricci alimwandikia kabaila mmoja wa Bergamo, Tassi, kuhusu picha ndogo ya kazi ya altare aliyoagizwa. Alimwambia asidhani hicho ni kielelezo tu: hiyo ndogo ndiyo picha yenyewe, ile kubwa ya altareni ndiyo nakala. Nilipolisoma hili nilikaa kimya muda mrefu. Niliwahi kuchora Mwana Mpotevu kwa ajili ya ukuta wa kanisa, kwanza kwenye kipande cha plaiwudi kama sinia. Kile kidogo nilikimaliza jioni moja, mkono wa baba mgongoni mwa mwana nikaupiga kwa michapo mitatu ya brashi. Ukutani ule mkono nilihangaika nao siku nne na haukuwahi kuwa hai. Wazee wa kanisa walifurahi, mimi kila nikipita nautazama ule mkono. Plaiwudi iko kwangu mpaka leo.

Kwa hiyo Binti usiseme "kapicha". Kwa mtu kama Ricci, ndogo ndiko roho ilikobaki.

Binti Machame
Nafuta kauli ya kapicha. Na ni kweli kuhusu michapo. Nilipoisogelea kile kitambaa kilivunjika kikawa rangi tupu imepigwa na kuachwa, nikirudi hatua mbili kinakuwa hariri tena. Nilifanya hivyo mara kadhaa mpaka mlinzi akanitazama.

Mtafiti wa Jioni
Kuna upande hamjaugusa, maisha ya Ricci mwenyewe. Huyu alizaliwa Belluno 1659. Akiwa kijana alifungwa Venice kwa kushtakiwa kwamba alitaka kumwekea sumu msichana aliyempa mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1680 alitoroka na binti wa mchoraji mwenzake mpaka Turin, akakamatwa na kuhukumiwa KIFO. Aliyemnusuru ni mtawala wa Parma, aliyeingilia kati na kumwombea.

Sasa mtu aliyewahi kungoja kifo, akaokolewa kwa sababu mtu fulani alikwenda kumsemea kwa mwenye amri, anamchora malkia anayekwenda kuwasemea watu wake kwa mwenye amri. Unadhani alichora bila kukumbuka?

Fundi Cherehani
Duh. Hii imenisisimua.

Msoma Kale
Mtafiti, inavutia sana lakini naona umelivuta mno. Picha inawekwa miaka yake ya mwisho, kuanzia 1730 hivi. Mzee wa miaka sabini na kitu, zaidi ya miaka arobaini baada ya mkasa huo. Katikati amefanya kazi Uingereza kuanzia 1712 hadi 1716, na Paris wamempokea kwenye akademia yao ya kifalme. Na Esta walimchora wengi ambao hawakuwahi kuhukumiwa chochote.

Mtafiti wa Jioni
Miaka arobaini haitoshi kusahau kamba shingoni, mkuu. Muulize yeyote aliyewahi kusomewa hukumu.

Mwana wa Legio
Tumsifu Yesu Kristo. Nashangaa hakuna aliyemtaja Mama. Kwa Wakatoliki wa enzi zile Esta ni kivuli cha Bikira Maria. Sababu ni neno la mfalme katika tukio hili hili la kuzimia: sheria hii haikuwekwa kwa ajili yako bali kwa ajili ya wengine wote. Kila aingiaye bila kuitwa anakufa, isipokuwa Esta. Kila azaliwaye ana dhambi ya asili, isipokuwa Maria. Mkingiwa dhambi ya asili, ndiyo picha inasema hivyo. Na Esta anawaombea watu wake kama Mama anavyotuombea. Ondoa kuzimia, umeondoa na lile neno.

Neno Tupu wa Mbeya
Fundisho hilo alilitangaza Papa Pio wa 9 mwaka 1854. Ricci alikufa 1734. Miaka 120 kabla. Angelichoraje?

Mwana wa Legio
1854 ni mwaka lilipotangazwa rasmi kuwa fundisho la imani. Sikukuu yenyewe ilikuwa ya zamani, na Papa Klementi wa 11 aliifanya ya Kanisa zima mwaka 1708. Ricci alikuwa hai na anaisherehekea.

Neno Tupu wa Mbeya
Leo mmeniamulia na tarehe. Sawa, hiyo ya 1708 sikuijua.

Katekista Mstaafu
Mdogo wangu wa Mbeya, mara ya pili leo unakubali kosa mbele za watu. Ukija Iringa chai ni kwangu.

Fundi Cherehani
Mimi naomba turudi kwenye mkia wa gauni. Katekista kasema mjakazi wa pili kazi yake ni kubeba mkia. Watu wanapita hapo haraka, ila aliyeshona anajua. Gauni lenye mkia mrefu linakuvuta nyuma wakati wote, mabega yanachoka, huwezi kugeuka upesi wala kukimbia. Ukipewa amri ya kuondoka, huondoki mpaka mtu mwingine akusogeze.

Nilishona gauni la binti mmoja wa Morogoro, mkia mita tatu, harusi ya saa nane mchana mwezi wa Januari. Bibi harusi hakula tangu jana yake kwa sababu ya kiwewe, na gauni nililibana kiunoni kama alivyotaka mwenyewe. Walipofika katikati ya kanisa niliona bega la kushoto limeshuka. Mpambe mmoja akamkamata kwapani, wa pili akaachia mkia akamshika kiuno. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na sindano zangu, nilijua ni mkono wangu uliombana. Walimtoa nje, wakamlegezea vishikizo, wakampa soda, akarudi akaolewa. Kila nikisikia Esta na wajakazi wawili namwona yule.

Kwa hiyo nakubaliana na Muuguzi nusu, nusu nyingine naweka kwenye nguo.

Muuguzi wa Usiku
Fundi, kiuno kilichobanwa, njaa, na joto la Morogoro. Hiyo ni yangu yote, hakuna nusu!

Mtoto wa Mjini Magharibi
Assalam aleykum wapendwa. Nafuatilia kwa makini. Kwetu Esta hayumo katika Qurani, lakini Hamani, yule adui kwenye kitabu cha Esta, yumo, na yuko na Firauni, si na mfalme wa Uajemi. Katika Suratul Qasas Firauni anamwamrisha amjengee mnara mrefu. Nyinyi Hamani wenu naye si alijenga kitu kirefu?

Katekista Mstaafu
Waaleykum salaam. Ndiyo, mti wa kunyongea wa mikono hamsini, kama mita 22 hivi, aliuandaa kwa ajili ya Mordekai, mlezi wa Esta, akatundikwa mwenyewe.

Mtoto wa Mjini Magharibi
Ahsante. Hamani mahali pote anajenga kwenda juu. Na mke wa Firauni, Bi Asiya, naye alisimama mbele ya mume mwenye mamlaka ya kuua. Kwa hiyo namwelewa Binti kwa nini anataka wa kwake awe amesimama.

Mpita Njia
Jamani tumetoka London tumefika Misri kupitia Morogoro.

Bi Pangani
Na mume wa Esta alimiliki toka Bara Hindi mpaka Kushi, majimbo 127. Hatujatoka nje ya mipaka yake.

Mama Wawili
Nimesoma wote, sikutaka kuandika, ila hili la kusimama limenifanya niandike.

Kaka yangu alifukuzwa shule kidato cha tatu, kosa si lake. Baba hakuwepo, mama hajui kusoma, nikatumwa mimi, nina miaka kumi na saba. Niliambiwa mkuu wa shule hapendi watu wanaoingia bila kuitwa. Nilisimama kwenye veranda tangu saa mbili asubuhi. Mlango ulipofunguliwa aliniangalia tu, hakusema kitu, kalamu mkononi. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakapotea. Nilisikia masikio yanavuma, nikashika meza, nikaiona saa yake ya mkononi karibu kabisa na uso wangu, nadhani ndivyo nilivyokuwa nashuka. Nilipozinduka nimekalishwa kwenye kiti chake na yeye amesimama ananipepea kwa faili.

Kaka alirudishwa wiki ile. Sijui kama ni kwa sababu ya maneno, maana sikumbuki kama niliyasema. Miaka mingi niliona aibu kwamba nilianguka. Leo nimejua kuna Biblia ambayo Esta naye alianguka, na mfalme akatoka kitini.

Binti Machame
Mama Wawili. Asante. Sina la kuongeza.

Msoma Kale
Mama Wawili umenirudisha kwenye Kigiriki. Tunabishana kwa nini alianguka, na andiko lina neno moja zaidi: mfalme alishuka. Kwenye Kiebrania anabaki ameketi, ananyosha fimbo tu. Kwenye Kigiriki anaruka kutoka juu.

Mchora Mabango Mwanza
Na ndiyo maana wachoraji waling'ang'ania huyu. Mfalme aliyeketi ni samani.

Mtafiti wa Jioni
Bado nasimama na Turin.

Mwana wa Legio
Nami na Mama.

Neno Tupu wa Mbeya
Kwangu andiko ni lile lile fupi. Ila Mama Wawili, dada, Mungu akubariki.

Binti Machame
Wakuu, nimerudi leo baada ya zamu, nimeiona tena nikiwa na uzi huu kwenye simu. Safari hii sikumwangalia Esta, niliwaangalia wanaomshika. Nilisimama muda mrefu kwenye mikono yao. Hakuna anayemvuta, hakuna anayemsukuma ainuke. Wamempokea uzito wake tu.

Mwalimu wangu wa shule ya Jumapili yuko hai, ana miaka themanini na mbili. Nimempigia nikamsimulia. Alinyamaza, halafu akaniuliza: "Na fimbo, aliigusa?" Katekista, kwenye Kigiriki anaigusa yeye au anaguswa?

Katekista Mstaafu
Anaguswa. Mfalme anaiinua na kuiweka shingoni mwake.